Mwana wa Mtu Barazani

Mpwa wangu anafanya vichekesho vya simu. Ana miaka ishirini na kitu, ana wafuasi wengi kuliko diwani wa wadi yetu, na Ramadhani iliyopita, tumemaliza kufuturu na sinia halijaondolewa mkekani, alinisogezea simu nione kipande chake kipya. Amevaa wigi, amejifunga leso ya mamake, anakatiza ukumbini akimwiga binti wa mkubwa mmoja wa serikali: mwendo wake, anavyoongea kwa pua, mashavu yake, umbo lake. Dada zake walicheka mpaka mmoja akapaliwa na maji ya ukwaju. Mimi nikamuuliza, "Huyu mwana wa watu amekukosea nini?"

"Mjomba," akanijibu, "nyinyi zama zenu mlikuwa mwaogopa tu. Hamkuwa na komedi."

Nikamtajia Mzee Ojwang. Akauliza, "Ojwang yupi?" Nikamtajia Mama Kayai, akasema hilo jina amelisikia mahali. Habari za Ami hata sikuzianza, maana Ami hakuonekana kwenye televisheni hata siku moja. Alikuwa muuza kahawa. Lakini nijualo juu ya nani achekwe na nani aachwe nililipata kwake, na usiku ule nililala nikiwa bado namjibu mpwa wangu kichwani. Majibu yenyewe ni haya, marefu kuliko alivyoyataka.

Ami hakuwa ami wa mtu yeyote pale mtaani. Watu wazima walimwita hivyo, nasi watoto tukafuata, na mpaka leo jina lake la kuzaliwa likisomwa kwenye hitima kuna watu huulizana ni la nani. Alikaa kwenye pembe ya kichochoro kimoja cha Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, mahali ambapo baraza mbili za mawe zinatazamana, na katikati mkokoteni mmoja hupita kwa taabu. Alifika baada ya magharibi na dele lake la shaba, makaa chini yake, ndoo ya maji, na vikombe vyeupe visivyo na mkono. Viwili alivishika kwa kiganja kimoja akavigonganisha, na mlio ule ulitosha kuwatoa watu majumbani. Maji ya ndoo ile, tuseme ukweli, hayakubadilishwa mara nyingi. Hakuna aliyekufa.

Buni zilikaangwa na mkewe nyumbani, alasiri, mpaka karibu ziungue. Hapo ndipo kichochoro kizima kilipojua kwamba siku inakwisha. Halafu zikatwangwa kwenye kinu, na kila mwenye kuumwa na kichwa akalalamika. Usiku harufu iligeuka ikawa ya tangawizi na moshi wa makaa, na upepo ukitoka upande wa bandari ya zamani ilikuja harufu ya papa mkavu na ya mafuta ya sifa waliyopaka majahazi. Nimekunywa kahawa miji mingi tangu wakati huo, mingine kwa bei ya kilo nzima ya nyama, na hakuna iliyowahi kunifanya nikae kitako saa mbili nisikilize watu. Siku hizi pale pale mjini kahawa huletwa na kijana mwenye chupa ya plastiki na vikombe vya karatasi. Anakumiminia, anapokea pesa kwa simu, anaondoka. Hana la kusema, wala hujui jina lake, wala la kubandikwa.

Ami aliiga sauti. Hakumwiga Moi, hakuna aliyemwiga Moi barazani miaka ile, na msidanganywe na wazee wanaojigamba sasa. Alichokiiga ni taarifa ya habari. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka: saa moja jioni, kwa Kiswahili, na habari ya kwanza ni Mtukufu Rais. Amehudhuria ibada, amefungua kiwanda, amepokea ujumbe, amewataka wananchi wadumishe amani, upendo na umoja. Mvua ibomoe daraja, meli ikwame mlangoni mwa bandari, yeye kwanza.

Basi Ami alikaa wima, akajikohoza, akatazama kiganja chake kama karatasi, akaanza: "Diwani mtukufu wa wadi yetu leo ameamka. Baada ya kuamka, diwani mtukufu aliwataka wananchi nao waamke. Akizungumza na kuku wake, diwani aliwahimiza watage kwa wingi ili kuinua uchumi wa taifa." Alikuwa na sauti ya msomaji hasa, ile ya kupanda kwenye "mtukufu" na kushuka kwenye "taifa". Baraza zote mbili zilikufa kwa kicheko, na kila mtu alijua anayechekwa ni nani, na hapana aliyemtaja. Kachero akipita, aliyesomwa ni diwani tu.

Diwani mwenyewe alikuja jioni nyingine, kanzu imepigwa pasi, akaagiza kahawa tungu na kashata mbili. "Nasikia jana nimesomwa," husema. Ami humjibu, "Umesomwa, bwana, lakini baada ya hali ya hewa." Na diwani naye hakuwa bwege, hunywa, hujifuta midomo, kisha huuliza kwa upole leseni ya kuuzia kahawa barabarani inakwisha lini. Watu hucheka upande wa pili. Mimi nilikuwa mdogo, nikiona ni mchezo. Baadaye nilielewa kwamba lile lilikuwa swali kweli, na kwamba Ami alikuwa hana leseni.

Huyu diwani alikuwa na watoto watatu.

Wa kwanza, mvulana, mtihani wa kidato cha nne ulimshinda, na kabla ya mwaka kwisha akaonekana Marikiti na daftari kwapani, mkaguzi wa manispaa. Ami hakumhurumia hata kidogo. "Mkaguzi mkuu wa soko leo amegundua kwamba samaki ana macho mawili. Uchunguzi unaendelea." Kwa miezi kadhaa hakukuwa na taarifa ya habari isiyokuwa na mkaguzi mkuu: amepima mnazi, amekamata ndimu zisizo na kitambulisho, amepeleka sampuli ya chumvi Nairobi ili ijulikane kama ina chumvi. Kijana mwenyewe alijua. Alibadilisha njia ya kurudi nyumbani, akawa anazungukia nyuma ya msikiti.

Wa pili alikuwa msichana, aliyepata polio utotoni na mguu mmoja ukabaki mwembamba. Jioni moja kuli mmoja wa bandarini, hodari wa maneno, mtu tuliyempenda, aliinuka akaiga mwendo wake kutoka baraza hii hadi ile. Wawili watatu walicheka. Ami alinyoosha mkono, akakichukua kikombe cha yule bwana kikiwa nusu, akamwaga kahawa mtaroni, akakifudikiza kikombe juu ya kifuniko cha ndoo.

"Kahawa yako imekwisha. Nenda ukalale."

Kuli akahamaki. "Mbona kakake wamcheka kila siku?"

"Kakake ala kodi yangu," Ami akasema. "Yule mwana wa mtu amenila nini?"

Hakuongeza neno. Yule bwana alikaa wiki nzima bila kuja, kisha akarudi, akamiminiwa, na habari hiyo haikuzungumzwa tena.

Wa tatu alikuwa kitoto cha kiume cha miaka sita au saba aliyetumwa na mamake kununua kashata. Akichomoza pembeni, taarifa ya habari ilikatwa katikati ya sentensi na mazungumzo yakahamia Feisal na Mwenge, nani kafunga, nani kanunuliwa. Alipewa kashata zake na moja ya ziada. Alipotoweka gizani, msomaji alijikohoza akaendelea pale pale alipoachia.

Nisimfanye Ami walii. Mke wa diwani hakupata msamaha wowote. Bangili zake zilisomwa hata mwezi wa Ramadhani, na sikumbuki kwamba yule mama alikuwa na mshahara wa manispaa. Wala sisemi kwamba Ami alikaa akatunga kanuni. Alilelewa kwenye utani, na utani wa kwetu una mipaka ambayo mtu huijua bila kufundishwa: babu humwita mjukuu mke wake, wifi humpekua wifi, mtani huingia matangani akadai jeneza lilipiwe kwanza. Katika hayo yote anayetaniwa ana haki ya kurudisha. Asiyeweza kurudisha hataniwi. Huyo anaonewa tu.

Televisheni ilikuwa ya fundi cherehani, mkabala na Ami: Great Wall ya inchi kumi na nne, nyeusi na nyeupe, aliyoigeuza ikatazama nje kwa dirisha siku za Vioja Mahakamani na Vitimbi. Nimezipekua tarehe kwa ajili ya mpwa wangu. Sauti ya Kenya iligeuzwa kuwa KBC mwaka 1989. KTN ikafunguliwa 1990, Nairobi kwanza. Pale kichochoroni hakuna aliyesikia tofauti yoyote. Ojwang alikuwa Ojwang tu. Jina lake Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeiga Kiswahili cha Wajaluo kwa ufundi hata Wajaluo wakamhesabu wao, na alipofariki Julai 2015 nilishangaa nilivyohuzunika kwa mtu ambaye sikuwahi kumwona kwa macho.

Lakini nikiwa mkweli, vile vichekesho vya kituo cha taifa vilimcheka nani? Mlevi, mtumishi wa nyumbani, mshtakiwa asiyejua kujieleza, mshamba aliyeshuka basi leo. Hakuna waziri aliyepandishwa kizimbani kwenye Vioja. Hapo mpwa wangu ana haki nusu. Aliyejaribu kupanda juu alijua bei: Wahome Mutahi, mwandishi wa safu ya Whispers katika gazeti la Jumapili la Nation, alifungwa mwaka 1986. Kaka yangu, ambaye Kiingereza kilimkaa, alitusomea Whispers barazani akitafsiri kadiri alivyoweza, na aliyechekwa sana mle ndani alikuwa baba mwenye nyumba, yaani mwandishi mwenyewe, pamoja na mkewe aliyemwita Thatcher na bintiye aliyemwita Pajero. Ami alimpenda mno. Alisema huyu amejichinjia kwake kwanza, sasa akibisha hodi kwa wenzake hawana la kumwambia.

Na watoto wa Moi je? Kijana huuliza hivyo akidhani amenikamata. Hatukuwacheka kwa kuwa hatukuwajua. Habari zilimwonyesha baba, fimbo yake na umati. Wanawe walikuwa majina, na sura zao wengi wetu hatukuzijua. Jonathan pekee tulimsikia Pasaka kwa Pasaka kwa sababu aliendesha Safari Rally, na hapo Ami alijiruhusu jambo dogo tu, kwamba matope ndiyo pekee nchini yasiyouliza gari ni la mwana wa nani. Kwa hiyo wenzangu wanaosema tulikuwa waungwana, tukiheshimu watoto wa watu, wapunguze sauti kidogo. Sehemu ya ule uungwana ilikuwa ni giza. Sehemu nyingine ilikuwa ni hofu. Iliyobaki, ambayo haikuwa kubwa, ndiyo ile kahawa iliyomwagwa mtaroni, na hiyo ilimhusu binti wa diwani, siyo wa rais.

Kisha ukaja mkanda. Ndugu yake fundi cherehani alikuwa akifanya kazi Nairobi, akashuka na basi la usiku akiwa na mkanda wa video uliorekodiwa kwa televisheni, umeandikwa kwa kalamu "Redykyulass". Vijana watatu, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie. Kipindi chao kilionyeshwa na Nation TV, kituo kilichoanza Desemba 1999, kwa hiyo mkanda haukuweza kutufikia kabla ya mwaka 2000. Hata hivyo nikiuona usiku ule kichwani, Ami bado ana meno yake ya mbele, na hayo yalimtoka mapema zaidi. Meno na mwaka vitapatana vyenyewe.

Fundi alifunga madirisha. Joto lilikuwa la kaskazi, tumejazana mle ndani kati ya cherehani na majora ya kitambaa, tunanuka jasho na mafuta ya mashine, na sauti ameipunguza mpaka ikabidi tusogeze vichwa. Akatokea kijana mwembamba amevaa suti, ana rungu mkononi, akafungua kinywa, na ile sauti ikatoka. Ile ile. Ya kukwaruza, ya kukemea, yenye vituo pasipo na vituo. Hakuna aliyecheka. Nakumbuka vizuri kwamba hakuna aliyecheka, na kwamba wote tuligeuka tukamtazama Ami, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mwenye kazi hiyo.

Ami alikaa muda. Halafu akasema, "Rudisha nyuma."

Fundi akarudisha. Tukaangalia tena, na safari hii fundi mwenyewe ndiye aliyeanza kutikisika mabega, kisha chumba chote. Ami alicheka mpaka akatoa kofia. Alipotulia akauliza swali ambalo halikumjia mtu mwingine: "Hawa ni wana wa nani? Wazazi wao wajua?" Aliwaogopea wazee waliokuwa kijijini mahali fulani, waliosomesha vijana hawa chuo kikuu, na ambao asubuhi moja wangeweza kugongewa mlango. Katika nchi ile mtoto alimponza baba mara nyingi kuliko baba alivyomponza mtoto.

Hawakugongewa, alhamdulillahi. Mwaka 2002 KANU ikamsimamisha mwana wa rais wa kwanza, na barazani ukaibuka mjadala kama ni adabu kumtania kwa sababu ya babake. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Ami akaumaliza mjadala kwa maneno matatu, "Mgombea hana baba", akaendelea kusoma habari. Mwaka huohuo Gideon Moi alirithi kiti cha Baringo Central alichokiacha mzee wake, naye akasomwa usiku huohuo bila kuulizana. Zilikuwa taarifa za mwisho nzuri. Sauti ilianza kumkauka Ami, sukari ikampanda, kisha mguu. Alifariki Kibaki akiwa madarakani. Pale alipokaa sasa kuna kioski cha vifuniko vya simu na baraza moja imevunjwa ili pikipiki zipate kupita. Wenyeji wamelalamika kwa kaunti. Kaunti imepokea barua.

Yaliyofuata mnayajua na nitayapitia mbio. Mwaka 2009 Gado, Mtanzania tuliyemfanya wetu, aliingiza vikaragosi vyake vya mpira Citizen TV katika The XYZ Show, na kwa mara ya kwanza mawaziri walikaa sebuleni kwetu na pua zao kubwa kila wiki. Mwaka 2013 waliopambania urais walikuwa mwana wa rais wa kwanza na mwana wa makamu wa rais wa kwanza, hata mtu asiyetaka kuwatania watoto wa wanasiasa asingekuwa na la kusema mwaka mzima. Zanzibar walitutangulia kwa hilo: Amani Karume aliingia Ikulu mwaka 2000, na baadaye Hussein Mwinyi 2020, wote wana wa marais. Mwaka 2017 John Kiarie wa Redykyulass alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini, na 2022 Jalang'o akapata Lang'ata. Wachekeshaji wenyewe sasa ni waheshimiwa, na wana wao ni wana wa wanasiasa. Sijaona bado mwenzao yeyote wa zamani akiwavalia wigi.

Mwaka huohuo wa 2022 yalitokea mawili yanayofaa kuwekwa pamoja. Oktoba, Muhoozi Kainerugaba, mwana wa Rais Museveni na wakati huo Luteni Jenerali, aliandika kwenye Twitter kwamba yeye na jeshi lake wasingehitaji hata wiki mbili kuiteka Nairobi. Vijana wetu walimshukia. Walimwonya kuhusu foleni za magari, walimtajia kodi za nyumba, walimuuliza kama mizinga yake italipiwa maegesho. Babake akampandisha cheo kuwa jenerali kamili, na pia akawaomba Wakenya radhi. Nilicheka siku ile kuliko nilivyocheka miaka mingi. Ami angekuwepo angeisoma habari hiyo mwezi mzima, kwa kuwa huyu alikuwa mwana mwenye vifaru.

La pili ni la Charlene Ruto. Alianza kuzuru huku na huko, likasikika jina la "ofisi" ya binti wa rais, na wananchi wakauliza imeundwa na sheria ipi na inalipwa na nani. Akajibu kwamba ni ofisi yake binafsi, haigharimiwi na mlipa kodi. Swali lilikuwa la haki, jibu likatolewa hadharani, na kati ya swali na jibu palikuwa na nafasi ya vichekesho vya msimu mzima kwa mtu mwenye akili. Vipande nilivyotumiwa mimi havikuwa vya ofisi. Vilikuwa vya nguo, vya mwendo, vya mwili.

Dada yangu, mamake huyu kijana, ambaye hana subira na baraza wala na kumbukumbu zangu, aliniambia jambo ambalo Ami hakuwahi kulisema. Mwana wa kiume wa mkubwa akichekwa, alisema, huchekwa kwa gari lake, tenda yake, cheo alichopewa. Binti huchekwa kwa makalio na kwa kuchelewa kuolewa. "Angalia vyote ulivyotumiwa," akaniambia, "unitolee kimoja kinachouliza binti amepewa nini." Nilivipitia. Sikupata. Na mke wa diwani na bangili zake naye alinijia kichwani, miaka mingi imepita.

Kijana anajitetea vizuri, siwezi kumkatalia. Anasema watoto hawa hawakufichwa kama wa zamani. Wanajipiga picha wenyewe, wanapanda jukwaani, wanahutubia vijana wenzao kana kwamba walichaguliwa, wakitaka kushangiliwa. Anayetaka kushangiliwa na azomewe. Hilo nalikubali lote. Aliyepanda jukwaani mwenyewe, mtu mzima, kwa msafara wa magari na walinzi, amejiingiza barazani kwa miguu yake na taarifa ya habari imsome. Nisichokubali ni mashavu.

Tena kuna jingine, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Kabla ya kuandika haya nilikaa nikapitia vipande vyote vya mpwa wangu, kuanzia cha kwanza. Kuna cha binti. Kuna cha shemeji wa waziri. Kuna cha mwana wa gavana akinunua viatu. Cha baba hakuna. Cha gavana mwenyewe hakuna, wala cha waziri. Nikamuuliza, naye kwa mara ya kwanza hakucheka. Akanitajia Kibet Bull, mchoraji wa vivuli, aliyetekwa Desemba 2024 akaachiliwa Januari iliyofuata. Akanitajia Idris Sultan wa Tanzania, aliyeingia mikononi mwa polisi mara mbili, mwaka 2019 kwa kubadilishana sura na picha ya rais, na 2020 kwa kuicheka picha ya zamani ya rais huyohuyo na suti iliyompwaya. Akanitajia wale Bizonto wa Uganda waliokamatwa 2020 kwa kuwaombea viongozi dua ya mzaha. Anawajua wote kwa majina na tarehe, kijana asiyemjua Ojwang.

Basi na yeye anaogopa, kama sisi, na ana sababu kama tulizokuwa nazo sisi. Simlaumu hata chembe kwa hilo. Ila Ami alipoogopa alijificha nyuma ya diwani, mtu mwenye leseni mkononi aliyeweza kumfungia dele lake kesho yake, akamlenga aliye juu zaidi. Hawa wakiogopa wanashuka: baba ana vikosi, binti ana picha tu, basi apigwe binti. Kisha wanauita ujasiri na kutuambia sisi tulikuwa twaogopa.

Mpwa wangu na wenzako, bajeti husomwa Bungeni kila Juni na ina kurasa za kutosha. Imo humo mishahara, misafara, washauri, na bila shaka mwana mmoja au wawili wa mtu aliyepewa meza na kiti. Huyo mchekeni mchana kweupe, awe mvulana au msichana, mpaka azungukie nyuma ya msikiti. Wengine ambao hawajala cha mtu waacheni waende shule.